Saratani ya Utumbo Mpana Iliyofika Kwenye Ini: Tahakiki ya Istilahi za Kijitabu cha Wagonjwa

Kijitabu tunachokusudia kukihakiki hapa kina kurasa 16 tu. Kimetafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana ambayo imekwisha kufika kwenye ini, na kililetwa kwetu ili lugha yake ipitiwe kabla ya kupigwa chapa kwa mara ya pili. Hatutakitaja kwa jina, wala hatutamtaja aliyekifasiri, kwa sababu makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Mengine, kama itakavyodhihirika, ni yetu sisi tunaotunga na kusanifisha istilahi. Mfasiri huyu ni hodari. Sarufi yake haina kasoro ya kutajika, na takriban kila istilahi aliyoitumia ameitoa katika orodha na kamusi zinazokubalika. Hata hivyo, tulipokisoma kijitabu hicho mbele ya mwalimu mmoja mstaafu mwenye maradhi hayo hayo, alitusikiliza kwa utulivu hadi ukurasa wa sita, kisha akauliza: "Sasa wanangu, kama imekwisha kuenea nayo iko hatua ya mwisho, ini langu linakatwa la nini?"

Swali hilo halikutokana na ujinga. Mzee yule alifundisha hesabu kwa muda mrefu, na alichokifanya ni kujumlisha maneno aliyosomewa na kupata jibu lililo sawa na maneno hayo. Tatizo ni kwamba matini ya Kiingereza ilisema jambo lililo karibu kabisa na kinyume chake. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha maana hiyo ilipotelea wapi, na kwa nini haikupotea katika neno moja bali ilidondoka kidogo kidogo njiani, mithili ya nafaka katika gunia lenye tundu.

Kabla ya kuendelea, hapana budi msomaji aujue ugonjwa wenyewe, maana istilahi haihakikiwi pasipo kukijua kitu inachokitaja. Damu itokayo kwenye matumbo hairudi moyoni moja kwa moja. Hupitia kwanza katika ini, kwa mshipa mkubwa uliowekwa kwa kazi hiyo, ili yale yaliyosharabiwa kutoka katika chakula yakapokelewe huko. Kwa hiyo chembe za saratani zinazong'oka katika utumbo mpana na kuingia katika damu huikuta ini kuwa ndiyo bandari ya kwanza. Kati ya wagonjwa 100 wanaogunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana au ya puru, 15 hadi 25 huwa tayari inaonekana kwenye ini siku ile ile ya kugunduliwa, na wengine huipata huko baadaye.

Katika saratani nyingi, habari ya namna hiyo humaanisha kwamba kisu cha mpasuaji hakina tena kazi kubwa. Hapa sivyo siku zote. Ini lina tabia ya pekee: likikatwa sehemu, ile iliyobaki hukua na kujaza nafasi katika muda wa majuma na miezi michache. Ini lenye afya laweza kuondolewa hata kiasi cha robo tatu, na mtu akaishi. Ndiyo maana, endapo saratani iliyoko kwenye ini imekaa mahali inapoweza kuondolewa yote, madaktari huiondoa kwa nia ya kumponya mgonjwa, si kwa nia ya kumpunguzia maumivu tu. Na wale ambao saratani yao haiondoleki wanapofika hospitali hupewa dawa kwanza. Mwaka 1996 Henri Bismuth na wenzake wa Hospitali ya Paul Brousse, huko Villejuif karibu na Paris, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa waliokwisha kuambiwa kuwa hawapasuliki waliweza kupasuliwa baada ya dawa kuipunguza saratani, na wengi wa hao waliishi muda mrefu kuliko ilivyotazamiwa. Tangu hapo "haiwezekani" ya madaktari wa ini imekuwa aghalabu ni "haiwezekani kwa sasa". Maneno hayo mawili, *kwa sasa*, yamo katika matini ya Kiingereza. Katika tafsiri hayamo.

Tuanze na jina la ugonjwa. Kijitabu kinaanza kwa kusema "saratani ya utumbo mpana iliyoenea kwenye ini", lakini kuanzia ukurasa wa tatu mfasiri, kwa kupenda ufupi, anaandika "saratani ya ini". Ufupi ni sifa njema ya istilahi, nasi wenyewe tumeihubiri mara nyingi. Lakini kiunganishi *-a* cha Kiswahili hubeba mengi: chaweza kuonyesha mwenye kitu, aina ya kitu, kazi yake, au asili yake. Msomaji akutanapo na "saratani ya ini" huelewa asili, yaani saratani iliyozaliwa katika ini. Nayo iko saratani ya namna hiyo, tena inajulikana sana katika Afrika. Husababishwa mara nyingi na virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu ya nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na pombe. Ni ugonjwa mwingine, na dawa zake ni nyingine. Iliyofika kutoka katika utumbo hubaki kuwa saratani ya utumbo hata ikiwa imekaa katikati ya ini. Ikitazamwa kwa hadubini chembe zake ni za utumbo, na hutibiwa kwa dawa za utumbo. Samaki wa bahari akipelekwa kuuzwa Dodoma haitwi samaki wa Dodoma.

Madhara ya kosa hili si ya kinadharia. Mama mmoja aliyekuwapo siku tuliposoma kijitabu alikuwa mke wa yule mwalimu. Tulipofika kwenye "saratani ya ini" alimtazama mumewe na kusema kwa sauti ndogo kwamba huyu hajapata kuonja pombe maishani mwake, watu watasemaje? Neno moja lililofupishwa lilikuwa limemtia mumewe katika tuhuma.

Kijitabu chenyewe, katika ukurasa wa nne, kinajaribu kutofautisha saratani hizo mbili, na hapo ndipo tulipocheka, Mungu atusamehe. Mfasiri ameiita moja "saratani ya msingi" na nyingine "saratani ya sekondari". Hapana mwalimu katika nchi hii atakayeyasoma maneno hayo asione watoto waliovaa sare. Kisha, "msingi" katika Kiswahili ni kitu cha maana zaidi, chenye kubeba vingine. Msomaji hudhani kwamba ile "ya msingi" ndiyo mbaya zaidi na hii "ya sekondari" ni ya pembeni. Istilahi hizi zimo katika orodha. Hazikubuniwa na mfasiri. Sisi tungependelea "saratani chimbuko" kwa ile iliyoko mahali ilipoanzia. Kwa ile iliyoko mahali pengine tutatoa pendekezo hivi punde, ingawa si pendekezo tunaloliamini kwa asilimia mia.

Neno ambalo Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya zimelichukua kwa ajili ya jambo hili ni la Kigiriki, *metastasisi*, nalo maana yake ya awali ni kuhama mahali. Wafasiri wetu wamelipa sura nyingi: kuenea, kusambaa, kutapakaa, kuhamia, mtawanyiko. Mfasiri wa kijitabu amechagua "kuenea", nasi tunaelewa sababu, maana ndilo linalosikika hospitalini kila siku. Lakini hebu tulitazame. Maji yakienea shambani, hapana tuta lililobaki kavu. Chakula kikienea watu wote, hapana aliyekosa. Kuenea ni kufika kila mahali na kutosheleza. Basi mgonjwa anayeambiwa kwamba saratani "imeenea kwenye ini" haoni akilini mwake vivimbe viwili au vitatu katika kona ya ini. Anaona ini zima limejaa. Zaidi ya hapo, kitenzi hicho tunakitumia kwa kipindupindu, na wapo jamaa wa wagonjwa ambao wamewahi kutenga vyombo kwa kusikia kwamba ugonjwa "unaenea". "Kusambaa" na "kutapakaa" yana kasoro ile ile, pengine zaidi. "Kuhamia", ambalo liko karibu na asili ya Kigiriki, lina kasoro ya upande mwingine: aliyehama ameondoka alikokuwa. Mgonjwa atauliza, na kwa haki, kwa nini utumbo upasuliwe ikiwa saratani imekwisha kuhama.

Sisi tunaona kitenzi kinyenyekevu "kufika" kinatosha: "saratani ya utumbo imefika kwenye ini". Hakisemi imefika kwa wingi gani, wala hakisemi kwamba imeondoka ilikotoka. Mfasiri akitaka kuongeza kiasi, ataongeza: imefika sehemu moja, sehemu tatu, pande zote mbili. Tatizo limebaki katika nomino. Tulizungumza na madaktari kuhusu "mbegu", ambalo wagonjwa wengi hulitumia wenyewe, lakini mbegu bado haijaota, na hivi vimekwisha kuota. Pendekezo letu ni "machipuko": machipuko ya saratani ya utumbo kwenye ini. Mkulima ajua kwamba chipuko ni la mti ule ule hata likitokea hatua kumi kutoka shinani. Upungufu wake tunaujua. Chipuko ni neno lenye heri, na ndugu yake, "chipukizi", amekwisha kuchukuliwa na vijana wa siasa na wa michezo. Atakayeona vigumu kuita ugonjwa kwa jina la heri hatutagombana naye, mradi asirudi kwenye "sekondari".

Tufike sasa kwenye ukurasa wa sita, uliomkwamisha mzee wetu. Mpango wa kupanga saratani kwa herufi na namba ulianzishwa na Pierre Denoix wa Ufaransa katika miaka ya 1940, na tangu hapo umerekebishwa mara nyingi. Saratani ya utumbo iliyofika kwenye kiungo cha mbali huwekwa katika namba nne. Matini ya Kiingereza imeandika hivyo tu. Mfasiri ameandika "hatua ya nne, yaani hatua ya mwisho". Tumelitafuta hilo "yaani" katika matini ya asili, hatukuliona. Ni ufafanuzi wa mfasiri mwenyewe, aliyeongeza kwa wema ili msomaji aelewe, na kwa wema huo amemhukumu.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu kosa hili halimo katika kijitabu kimoja. Kwanza, "hatua" ni neno la mwendo. Mtu hupiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na baada ya ya nne, kama zimehesabiwa nne, amefika. Afike wapi, kila mtu anajua. Lakini namba za Denoix si mwendo. Ni mafungu ya kupangia wagonjwa ili madaktari wa nchi mbalimbali waweze kulinganisha matokeo. Mgonjwa aliyegunduliwa katika fungu la nne si lazima awe amepita mafungu matatu akijua. Pili, fungu lenyewe si moja. Katika toleo la nane la mpango huo, namba nne ya saratani ya utumbo mpana imegawanywa mara tatu: A ni iliyofika kwenye kiungo kimoja tu cha mbali, mathalan ini pekee; B ni iliyofika kwenye viungo viwili au zaidi; C ni iliyofika kwenye utando unaofunika matumbo. Mwalimu wetu alikuwa katika A. Baina ya hali yake na hali ya aliye katika C kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya daktari azungumze habari ya kupasua. "Hatua ya mwisho" imeifuta tofauti yote kwa maneno matatu. Tungependa Baraza lifikirie neno "fungu", au "daraja", mahali pa "hatua". Na ikiwa "hatua" imekwisha kuzoeleka mno kiasi cha kutong'oka, basi angalau "yaani" hilo lifutwe popote lilipo.

Kuhusu upasuaji hatuna mengi. "Kukata sehemu ya ini" ni maneno wazi, ingawa mfasiri mahali pamoja ameandika "kukatwa maini", na wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba anayekatwa maini ni mtu aliyeambiwa maneno machungu. Umoja wa "ini" hapa ni lazima. Jambo zito zaidi ni "mabaki ya ini", kwa maana ya ile sehemu ambayo mpasuaji huipima kabla, ili ahakikishe kwamba itatosha kubeba uhai. Mabaki ni ya chakula, au ni ya maiti. Kitu kinachotajwa hapa ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika upasuaji mzima, kiasi kwamba katika miaka ya 1980 Masatoshi Makuuchi na wapasuaji wengine wa Japani walianza kuziba kwa makusudi mshipa wa damu wa upande utakaokatwa, ili upande wa pili ukue kwanza. Tungesema "sehemu ya ini itakayobakizwa". Kitenzi cha kutendeshwa kinaonyesha kwamba kuna mtu aliyekusudia.

Kitenzi "kuchoma" kimetuletea taabu ya namna yake. Katika ukurasa wa nane mgonjwa anaambiwa kwamba vivimbe vidogo "vitachomwa". Katika ukurasa wa tisa "atachomwa dawa" kila baada ya majuma mawili. Katika ukurasa wa kumi na moja inatajwa habari ya "kuchomwa mionzi". Hayo ni matibabu matatu tofauti, yanayofanywa na watu tofauti katika vyumba tofauti. La kwanza ni sindano ndefu inayopenyezwa hadi kwenye kivimbe na kukiunguza kwa joto. La pili ni dawa inayotiwa mshipani kwa dripu. La tatu ni mionzi ipitayo bila kumgusa mtu. Kiswahili cha mazungumzo huyabeba yote matatu katika kitenzi kimoja, kwa kuwa sindano huchoma, moto huchoma na jua huchoma. Katika mazungumzo hapana dhara, kwa maana daktari yupo na mkono wake unaonyesha. Katika kijitabu mkono haupo. Nalo si jambo la pembeni tena: utafiti uliofanywa Uholanzi na nchi jirani, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, umeonyesha kwamba kwa machipuko yasiyozidi sentimita 3, kuyaunguza kwa joto hakukuwa duni kuliko kuyakata, na kuliwaletea wagonjwa madhara machache zaidi. Wagonjwa wengi zaidi watalisikia neno hili. Tunapendekeza "kuunguza kwa joto", "kutiwa dawa mshipani" na "kutibiwa kwa mionzi", na kitenzi "kuchoma" kiachiwe sindano ya kawaida.

Iko pia "dawa kukataa". Mfasiri ameandika kwamba "dawa zikikataa, daktari atabadili mpango", akiwa na maana kwamba saratani haikupungua. Kwa msikilizaji wa kawaida dawa iliyomkataa mtu ni ile iliyomtapisha, iliyomtoa vipele, iliyompa homa. Dawa za ugonjwa huu, kuanzia ile iliyotengenezwa na Charles Heidelberger huko Marekani mwaka 1957 na ambayo ingali inatumika, hadi zile zilizoongezwa juu yake katika miaka ya 1990 na 2000, huwachosha na kuwachafua tumbo wagonjwa wengi hata pale zinapoishinda saratani. Mgonjwa anayetapika atadhani kwamba dawa imemkataa, na ataacha kurudi, ilhali picha za ini lake pengine zingeonyesha kwamba machipuko yamesinyaa. Haitoshi kusema neno hili ni la mitaani. Yafaa kijitabu kiseme mambo mawili kwa sentensi mbili: kama mwili unaivumilia dawa, na kama saratani inapungua.

Sasa tufike kwenye sentensi ambayo kwetu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo haina istilahi ngumu hata moja. Inasema: "Baada ya upasuaji wa ini, wagonjwa 40 kati ya 100 huishi miaka mitano." Hesabu ni sahihi, hospitali nyingi zenye uzoefu hupata kiasi hicho au zaidi kidogo. Maneno yote ni ya Kiswahili fasaha. Lakini maana iliyomfikia mwalimu wetu, na iliyotufikia sisi tuliposoma mara ya kwanza, ni kwamba waliobahatika hupewa miaka mitano, kisha hufa. Katika Kiswahili kitenzi "kuishi" kikifuatwa na kipimo cha muda hutaja urefu wote: fulani aliishi miaka sabini, maana yake alikufa akiwa na sabini. Kiingereza cha madaktari kinasema jambo jingine. Kinasema kwamba ukiwahesabu wagonjwa siku itimiapo miaka mitano tangu kupasuliwa, utawakuta 40 wangali hai. Baadhi yao wataendelea kuishi miaka mingi. Katika wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka kumi, yapata mmoja kati ya sita alionekana kuwa amepona kabisa. Madaktari waliichagua mitano kwa kuwa saratani inayorudi hurudi mara nyingi katika miaka ya mwanzo, na kwa kuwa walihitaji kipimo kimoja cha kulinganishia. Hawakukusudia kumwekea mtu tarehe.

Badala yake tungeandika: "Kati ya wagonjwa 100 waliopasuliwa ini, wapatao 40 huwa wangali hai miaka mitano ikiisha kupita, na baadhi yao hupona kabisa." Ni ndefu kuliko ya mfasiri. Hatuoni njia ya kuifupisha. Kosa hili hili tumeliona katika maandishi kuhusu maradhi mengine, tena katika karatasi ambazo mgonjwa hutakiwa kuzitia sahihi, na tunawaomba watumishi wa serikali wanaopitisha karatasi hizo wakumbuke kitenzi hiki kabla ya kugonga muhuri.

Kuna pia suala la "kutibika". Kijitabu kinasema baadhi ya wagonjwa wana saratani "isiyotibika". Kutibu ni kufanya jambo juu ya ugonjwa. Kuponya ni kuumaliza. Saratani isiyoponyeka yaweza kutibiwa kwa miaka, na mgonjwa akalima, akafundisha na akaozesha binti zake. Kiswahili kina vitenzi viwili safi kwa mambo haya mawili, nasi tunavichanganya bila sababu yoyote. Kuhusu "tiba shufaa", istilahi inayotumika nchini kwa matunzo ya kutuliza maumivu, hatuna ugomvi nayo. Shufaa ni kumwombea au kumtetea mtu, na maana hiyo inafaa. Ila wenye kujua Kiarabu kidogo husikia "shifaa", yaani kupona, wakadhani wameahidiwa jambo lisiloahidiwa. Kijitabu kimeitumia mara nne pasipo kuieleza hata mara moja.

Lazima tumpe mfasiri haki yake. Mahali pa "upandikizaji wa ini" ameandika "kubadilishiwa ini", na kila aliyesomewa alielewa papo hapo. Matibabu hayo, ambayo zamani yaliachwa kwa ugonjwa huu, yamerudi kufikiriwa tangu madaktari wa Oslo walipotoa matokeo yao mwaka 2013. Mwaka 2024 utafiti ulioongozwa kutoka Ufaransa, wa wagonjwa 94 waliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa, ambao machipuko yao yalikuwa kwenye ini tu na hayakuondoleka, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliopangiwa kubadilishiwa ini pamoja na dawa, wapatao 57 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 13 kati ya 100 kwa waliopangiwa dawa pekee. Toleo la pili la kijitabu halitakosa kulitaja jambo hili, na neno la mfasiri libaki kama lilivyo, hata kama orodha yetu inasema vinginevyo.

Na hapo ndipo tunapopaswa kujigeukia. Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967 tumetoa istilahi nyingi, na namna yetu imekuwa moja: neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia. Katika kikao tumebishana kuhusu ufupi, usahihi, na kama mzizi ni wa Kibantu au wa Kiarabu. Ni mara chache mno tumeliweka neno ndani ya sentensi na kumsomea mtu asiyekuwa mjumbe. Mfasiri wa kijitabu hiki alituamini. Alichukua "hatua" kwetu, na "sekondari", na "mabaki", akayapanga vizuri, na matokeo yake yakawa mgonjwa mwenye nafasi ya kupona akisomewa kwamba hana. Tumekwisha kupendekeza kwa wenzetu kwamba orodha za tiba zisitolewe tena bila sentensi ya mfano mbele ya kila neno, na kwamba sentensi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya watu wasiopungua watatu ambao hawajapata kuiona. Wapo waliosema kazi itachelewa. Itachelewa kweli.

Baada ya majuma mawili tulirudi kwa mwalimu na ukurasa wa sita ulioandikwa upya. Tulimwamkia, akatukaribisha, akaomba kuusoma mwenyewe safari hii, akavaa miwani. Alisoma polepole hadi chini, akarudi juu, akaweka kidole juu ya maneno "haliondoleki kwa sasa".

"Kwa sasa mpaka lini?" akauliza.

Tulitazamana. Matini ya Kiingereza haikusema. Tukamwuliza daktari, naye akajibu kwamba ini hupigwa picha tena baada ya miezi miwili au mitatu ya dawa, ndipo wapasuaji hukaa upya kuamua. Sentensi hiyo haimo katika asili. Tumeiongeza, tukaiwekea alama ili mhariri wa kijitabu aione na, kama hana pingamizi, aiache.